Kufunga giaboksi ya otomatiki kwenye Hilux ya zamani

Hilux za mwisho wa miaka ya 1970 na za miaka ya 1980 bado ziko kazini Malindi. Zinabeba makuti, nazi, mawe ya kujengea na mapipa ya maji, na wenyewe hawana mpango wa kuziuza. Wanaotaka kuzitia otomatiki mara nyingi wana goti la kushoto lililochoka, au wamechoka wenyewe kununua sahani za klachi zinazoungua kila gari linapokwama mchangani. Kazi hii inafanyika kwenye gereji ya kawaida yenye grainda, mashine ya kuchomelea na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza bolti. Ila otomatiki nyingi zilizofungwa hivi hufa mapema, na chanzo huwa kimoja kati ya vitatu: konvata (lile bakuli la mafuta linalounganisha injini na giaboksi badala ya klachi ya mguu) haikukaa vizuri, kebo ya throtoli imelegea, au mafuta yanachemka. Hapo ndipo tutakapokaa sana. Kwingine tutapita haraka.

Giaboksi gani, injini gani

Tafuta A43D. Ina gia nne, ya nne ikiwa ovadraivu (gia ya mwendo mkubwa, injini ikizunguka polepole kuliko propela), na inajiendesha kwa shinikizo la mafuta peke yake. Gavana iliyoko mkiani inapima mwendo wa gari, kebo inayotoka kwenye kabureta, ndiyo kebo ya throtoli, inapima mguu wa dereva, na vali za ndani zinaamua gia. Haitaki kompyuta wala bomba la vakyumu. Nyaya zake ni chache: solenoidi (vali ya umeme) ya ovadraivu, swichi ya nyutro na taa za rivasi, basi.

Uwiano wa gia ni 2.452, 1.452, 1.000 na 0.688, na rivasi ni 2.212. Kwa difu ya 4.111 na tairi za 185R14, ukienda kilomita 100 kwa saa injini inazunguka kama mara 3,350 kwa dakika ukiwa gia ya tatu, na kama 2,300 ukiwa ya nne, kabla ya kuhesabu kuteleza kwa konvata. Kutoka Malindi hadi Mombasa, kilomita kama 120, tofauti hiyo masikio yatakushukuru.

Kuna watakaokuuzia A340E wakisema ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Hiyo inasubiri amri ya kompyuta, na bila kompyuta yake na sensa zake utakuwa umenunua chuma kizito. Ukiona plagi yenye nyaya nyingi za solenoidi inatoka ubavuni, iache pale pale. Kama gari lililotoa giaboksi bado lipo, soma bamba lake la chuma ndani ya boneti, mstari wa TRANS/AXLE. Aina ya giaboksi imeandikwa hapo.

Upande wa injini, 22R ya petroli, cc 2,366, ndiyo inayofaa zaidi. Dizeli ya 2L inawezekana pia, ila gari litakuwa zito kuondoka na mwenye gari aambiwe mapema. 12R ya cc 1,587 ibaki na gia yake ya mkono: konvata itakula nguvu kidogo iliyopo, na Hilux iliyopakia mchanga haitakuwa na raha.

Belihauzi ya A43D, yaani ule mdomo mpana unaoshikana na injini, imefungwa kwa bolti na inatoka. Kwa hiyo giaboksi iliyotoka kwenye injini ya familia nyingine inaweza kupewa belihauzi yako, mradi uipate. Lakini konvata isichanganywe ovyo. Ya dizeli na ya petroli hazifanani kazi, kwa sababu kila moja imepangwa kushika injini kwenye mzunguko wake. Mkia nao uangalie: giaboksi za saluni kama Cressida zilikuja na urefu tofauti na mahali tofauti pa maunti, ule mpira unaobeba giaboksi.

Vya kununua kwa pamoja

Giaboksi peke yake ni nusu ya bidhaa, na nusu ya pili ndiyo inayochelewesha gari wiki nzima juu ya mawe. Ukienda Mombasa, au ukiagiza Kirinyaga Road, Nairobi, usilipe mpaka uone vitu hivi vimewekwa pamoja: konvata, fleksipleti (sahani inayoishika konvata kwenye injini) na bolti zake na vipande vyake vya kati, bamba la vumbi la chini, stata, kebo ya throtoli ikiwa na bano lake na, ikiwezekana, kabureta nzima ya gari la otomatiki, seleka (mkono wa dereva wa kuchagua gia) na fimbo zake, kijiti cha kupimia mafuta na bomba lake, krosimemba (chuma kinachokingama chasisi kubeba giaboksi) na maunti, yoki ya propela (kichwa chake kinachoingia mkiani mwa giaboksi), gia ndogo ya spidomita, swichi ya nyutro na plagi yake ikiwa na waya angalau urefu wa shubiri moja.

Kijiti na bomba lake ndivyo husahaulika kuliko vyote. Kijiti cha kubuni kinapima uongo, na mafuta ya otomatiki hayana msamaha wa uongo.

Kabla ya kulipa, fungua sufuria ya chini. Matope laini ya kijivu kwenye sumaku ni kawaida kwa giaboksi ya umri huo. Vipande vinavyong'aa vya shaba au chuma, au makombo meusi kama makaa, maana yake ndani kumeliwa. Nusa mafuta: yakinuka kuungua, usikubali maneno ya «yakibadilishwa itakuwa sawa». Yakiwa na rangi ya waridi yenye maziwa, maji yameingia, na maji hulegeza gundi iliyoshika kitambaa cha klachi za ndani. Hiyo ni ya kufunguliwa yote, au kuachwa.

Konvata ifungwe kwa kipande cha bapa kinachopita mdomoni mwa belihauzi kabla ya kupakiwa garini. Ikitoka njiani itachubua sili ya pampu, nawe utaligundua hilo baadaye kwa dimbwi la mafuta chini ya gari.

Kushusha ya zamani

Toa nyaya za betri kwanza. Kuhusu kuinua: usiweke gari juu ya matofali ya matumbawe hata kama yamejaa uani. Jiwe la matumbawe halipindi wala halitoi ishara, linapasuka ghafla. Tumia stendi za chuma, na chini yake mbao pana, kwa sababu mchanga wa kwetu humeza jeki polepole wakati wewe uko chini.

Mwaga oili ya gia, toa propela, kijiti cha gia, silinda ya chini ya klachi bila kukata bomba lake, kebo ya spidomita, stata na bomba la mbele la egzosi. Weka ubao chini ya sampu na uishike injini kwa jeki. Ukishatoa krosimemba injini itainama nyuma, kwa hiyo mtu mmoja asimame mbele aangalie feni isiguse rejeta na distribyuta isibanwe ukutani. Halafu shusha.

Toa kava ya klachi, sahani, na flaiwili. Hapa ndipo pa kubadilisha sili ya nyuma ya kranki, shafti kuu ya injini. Bei yake ni ndogo, na kuifikia tena ni kushusha kila kitu upya.

Katikati ya kranki kuna beringi ndogo iliyokuwa ikishika shafti ya gia ya mkono. Lazima itoke, maana pua ya konvata ndiyo itakayokaa hapo. Jaza shimo grisi mpaka juu, tafuta chuma cha duara kinachoingia tundu la beringi bila kulegea, kisha gonga kwa nyundo. Grisi haina pa kwenda, itaisukuma beringi nje. Ikipungua ongeza, gonga tena. Ikishatoka, safisha grisi yote na upitishe kidole ndani: pawe laini, bila mikwaruzo ya kuinuka. Kisha jaribu pua ya konvata kwa mkono. Iingie bila kulazimishwa na bila kucheza.

Fleksipleti na konvata

Fleksipleti ni sahani nyembamba yenye meno ya stata inayochukua nafasi ya flaiwili. Ina kipande cha kati mbele na nyuma, na kila kimoja kina upande wake. Vikigeuzwa, sahani inasogea milimita kadhaa na meno hayakutani vizuri na stata. Ikague kwa mwanga wa jua kuzunguka matundu ya bolti, kwani nyufa huanzia hapo, nazo ni nyembamba kama unywele. Ukiziona, nunua nyingine. Hakuna kuchomelea fleksipleti.

Bolti za flaiwili hazitumiki hapa. Sahani ni nyembamba, hivyo bolti ndefu zitafika mwisho wa tundu kabla ya kubana. Kwa 22R kaza kwa msalaba, hatua kwa hatua, mpaka Nm 83, ukiwa umetia dawa ya kushika nyuzi. Flaiwili ya injini hiyo hiyo hukazwa Nm 108, kwa hiyo asiyejua huzidisha. Ukiwa na saa ya kupimia, zungusha kranki uone kama sahani inayumba. Kikomo ni milimita 0.20.

Angalia pia pini mbili za kulenga zilizo kwenye uso wa injini. Giaboksi ya mkono ikivutwa vibaya hutoka nazo, na fundi asiyeona hufunga mpya bila pini. Bolti zitashika, gari litakwenda, lakini giaboksi itakuwa imekaa pembeni kidogo ya mstari wa kranki, na bushi ya pampu italiwa mpaka sili ianze kuvuja. Pini zikikosekana, kazi isimame mpaka zipatikane.

Sasa konvata. Weka sili mpya ya pampu, ipake mafuta, na mimina kama lita moja ya mafuta ya otomatiki ndani ya konvata ili pampu isianze ikiwa kavu. Simamisha giaboksi mdomo ukiangalia juu, shusha konvata kwenye shafti, kisha izungushe huku ukiisukuma kwa viganja. Itazama mara tatu: kwanza inashika shafti ya tabini, halafu ya steta (sehemu ya ndani ya konvata, si ile stata ya kuwashia injini), na mwisho yale masikio mawili yake yanaingia kwenye gia ya pampu. Wengi huridhika na mara ya pili. Ile ya tatu ni mzamo mfupi, nayo ndiyo yenye uhai wa giaboksi. Kuhakikisha, laza rula iliyonyooka kwenye mdomo wa belihauzi na upime mpaka kwenye vishikio vya bolti vya konvata. Vinatakiwa viwe ndani vya kutosha kwamba, giaboksi ikishafungwa, konvata ibaki na nafasi ya milimita chache kabla ya kugusa fleksipleti.

Inua giaboksi kwa jeki yake au kwa watu watatu. Nyuso mbili zikutane kwa mkono. Kama kuna mwanya na unaona bolti ndizo zinazovuta giaboksi kuja mbele, acha mara moja. Konvata imetoka kwenye pampu, na ukiendelea kukaza utavunja gia ya pampu kabla hata ya kuwasha injini. Kosa hili ndilo linaloua giaboksi nzima nyingi zaidi ya mengine yote.

Ikikaa, kaza bolti za belihauzi, kisha ingiza mkono kwenye tundu la chini na uzungushe konvata. Izunguke kwa uhuru na isogee mbele na nyuma kidogo. Ndipo uivute kwenye fleksipleti na uanzishe bolti zote sita kwa vidole, ukizungusha kranki kwa spana mbele, kabla ya kukaza hata moja. Toki yake ni Nm 18 tu. Na ziwe bolti zake: ndefu kupita kiasi zinabonyeza ganda la konvata kwa ndani.

Krosimemba na propela

Maunti ya otomatiki haiangukii pale ilipokuwa ya mkono. Ama uhamishe krosimemba nyuma na kutoboa chasisi upya, ama ukate na kuchomelea mabano mapya. Tukiulizwa, kutoboa na kufunga kwa bolti ni bora. Chasisi ya gari la Pwani ina kutu ndani hata nje ikionekana nzima, na moto wa kuchomelea unaifanya ianze kuliwa pale pale. Ukitoboa, paka rangi ya kuzuia kutu ndani ya tundu siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Propela ipimwe gari likiwa limekanyaga tairi zake nne, si difu likining'inia. Pima kutoka sili ya mkia hadi uso wa flenji ya difu. Yoki iingie mpaka mwisho kisha irudi nje milimita 20 hadi 25. Hiyo ndiyo nafasi ya kucheza springi zinapobonyea kwa mzigo. Ukiacha finyu, siku utakapopakia mawe propela itagonga mkia wa giaboksi na kuutoboa. Kupunguza propela kufanywe na mwenye mashine ya kuisawazisha, kawaida ni Mombasa. Iliyokatwa kwa macho inatetemeka kuanzia kilomita 60 kwa saa na inakula sili ya mkia.

Mwinamo wa giaboksi na wa pua ya difu ulingane, mmoja ukitazama chini na mwingine ukitazama juu kwa kiasi kilekile. Simu yenye programu ya kupima mwinamo inatosha kabisa kwa kazi hii.

Kebo ya throtoli

Fundi aliyezoea gia ya mkono huiita kebo ya kikidauni na kudhani kazi yake ni kushusha gia ukikanyaga ghafla. Hiyo ni kazi yake ndogo. Kazi kubwa ni kuiambia giaboksi injini inavuta kwa nguvu kiasi gani, ili shinikizo la mafuta lipande na kubana klachi za ndani. Kebo ikilegea, giaboksi inaamini kwamba unateleza taratibu mjini, kumbe umekanyaga mpaka chini na tani moja ya mchanga iko nyuma. Gia zinapanda mapema, laini kabisa, na abiria atasifu. Ndani, klachi zinateleza na kuungua. Usiendeshe gari hata kutoka gereji mpaka barabarani kebo ikiwa haijaunganishwa.

Kebo inaingia ndani ya giaboksi, na kuibadilisha ni mpaka ufungue sufuria. Kwa hiyo ikague ikiwa bado mezani: ivutike laini mpaka mwisho na irudi yenyewe kwa springi.

Kwenye kabureta, kuna mkono wa kushika kebo na bano la kushika ganda lake. Kabureta ya gari la otomatiki inavyo vyote viwili. Ukilazimika kutengeneza, jambo la kuzingatia ni urefu wa safari. Vuta kebo kwa mkono upime inatoka milimita ngapi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha tengeneza mkono ambao, throtoli ikifunguka yote, utakuwa umeivuta kiasi hicho hicho. Mkono mfupi utaivuta nusu tu, na hutaona kasoro mpaka klachi ziungue. Mkono mrefu utaimaliza kebo kabla throtoli haijafunguka, nayo itakatika. Kwenye dizeli mambo ni yaleyale, ila mkono unakuwa kwenye pampu ya dizeli.

Kurekebisha: mtu akanyage pedali mpaka sakafuni, injini ikiwa imezimwa. Kwenye kebo kuna kifundo kidogo cha chuma kilichobanwa. Pima kutoka mwisho wa ganda la mpira hadi kifundo hicho. Iwe kati ya milimita 0 na 1. Geuza nati mbili za bano mpaka ipatikane, kisha zifunge moja dhidi ya nyingine. Na hakikisha pedali yenyewe inafungua throtoli yote. Kwenye magari haya zulia nene au kebo ya pedali iliyochoka huiba robo ya safari.

Kupoza mafuta

Rejeta ya gari la gia ya mkono haina kipozeo cha mafuta ndani. Rejeta ya otomatiki inacho, kwenye tangi la chini, na wengi wataiona kuwa njia safi. Kwa Malindi tunaipinga. Watu wengi hapa hujaza rejeta maji ya kisima, na visima vyetu vina chumvi. Chumvi hula kile kibomba cha ndani kimyakimya. Siku kinapotoboka, maji na mafuta vinabadilishana nyumba, na giaboksi iliyofungwa kwa jasho inakuwa maziwa ya waridi kabla ya jioni. Kazi moja ya kipozeo cha ndani ni kupasha mafuta moto haraka penye baridi, na baridi hiyo Malindi haipo.

Funga kipozeo cha nje, cha aina ya sahani, mbele ya rejeta, ukiacha nafasi ya vidole viwili ili hewa ipite. Kishikwe kwenye bano la chuma, si kwa zile kamba za plastiki zinazopitishwa kati ya mapezi ya rejeta. Zinasugua mpaka zinatoboa. Mipira iwe ya mafuta ya otomatiki au ya oili ya moto, tundu la milimita 8. Mpira wa petroli wa kawaida unalainika, na mpira wa maji unavimba siku chache tu. Mwisho wa bomba la chuma uwe na uvimbe wa kuzuia mpira kuteleza. Mipira ipite mbali na egzosi.

Kipozeo kilichotumika kioshwe mpaka kitoe mafuta safi pande zote mbili, ukibadilisha mwelekeo, la sivyo uchafu wa giaboksi iliyokufa utahamia kwenye yako. Gari linaloshinda ufukweni lisuuzwe mapezi kwa maji baridi kila wiki. Chumvi na mchanga hujenga ukoko ambao kwa mbali huuoni.

Seleka na nyaya

Sukuma mkono wa giaboksi mpaka mwisho upande wa P, kisha rudisha vituo viwili: cha kwanza R, cha pili N. Weka seleka ya ndani kwenye N, unganisha fimbo, kaza. Pitia nafasi zote na uhakikishe kila kituo cha ndani kinalingana na cha chini. Seleka inayosema D wakati vali iko nusu njia inapunguza shinikizo na kuunguza klachi za mbele.

Waya wa kuamrisha stata, unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, upitishwe kwenye swichi ya nyutro, ili injini iwake kwenye P na N peke yake. Usiruke hatua hii eti kwa sababu dereva ni mmoja na anajua. Injini ikiwashwa ikiwa D, gari litaondoka. Taa za rivasi ziko kwenye swichi hiyo hiyo.

Solenoidi ya ovadraivu ipewe umeme wa volti 12 kupitia fyuzi na swichi dashibodini. Kabla ya kufunga, igusishe kwenye betri: isikike inabofya. Ukiendesha na gia ya nne isije, geuza swichi kwanza kabla ya kulaumu giaboksi.

Halafu ethi. Waya mnene kutoka injini hadi chasisi huwa umeliwa na kutu kwenye magari ya Pwani. Ukikosekana, umeme wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia iliyo karibu ni kebo ya throtoli. Inapata moto, inakauka, inakwama, na umeharibu kile ulichokirekebisha kwa uangalifu wote ule. Weka waya mpya, sugua chuma mpaka king'ae, kaza, kisha paka grisi juu.

Pedali ya klachi itolewe, na tundu la silinda yake ukutani lizibwe kwa bamba na gasketi, la sivyo joto na moshi vitaingia ndani.

Kujaza na kuwasha

Soma kijiti. A43D nyingi ni za Dexron II, na Dexron III inafaa mahali pake. Giaboksi kongwe zaidi za familia hii zilikuwa za Type F, ambayo ina mshiko tofauti. Kijiti chake kitasema. Ikiwa kavu kabisa inachukua kama lita 6.5, na kipozeo cha nje kinaongeza kidogo. Ukimwaga sufuria peke yake ni kama lita 2.4, kwa sababu konvata inabaki imejaa.

Mimina lita 4, washa, na hapo hapo endelea kumimina taratibu, injini ikizunguka bila kukanyagwa na handibreki ikiwa imevutwa. Pitisha seleka nafasi zote, ukikaa sekunde chache kila moja, rudi P. Pima injini ikiwa bado inazunguka. Ukiizima usomaji si wa kweli. Ukishaendesha mpaka mafuta yafike kati ya digrii 70 na 80, pima tena upande wa HOT. Kuzidisha ni kubaya kama kupunguza: mafuta yakifika kwenye sehemu zinazozunguka yanatoa povu, na povu halibani klachi.

Mzunguko wa injini iliyotulia uwe kama 750 hadi 800 kwenye N. Chini ya hapo itatetemeka ukiingiza D, juu zaidi itaruka kwa kishindo. Kutoka N kwenda D gari lishike chini ya sekunde 1.2, na kwenda R chini ya sekunde 1.5. Likichelewa, tazama kiwango cha mafuta, kisha kebo.

Endesha tupu kwanza, mpaka daraja la Sabaki na kurudi, kwa mguu mwepesi halafu mzito. Simama, angalia chini, pima. Siku inayofuata nenda mbali, hata Gongoni, ukiwa na mzigo nusu. Ukiwa umepakia kweli kwenye njia ya mchanga, zima ovadraivu. Giaboksi inayopanda na kushuka kati ya tatu na nne kila mita mia inajichemsha bure.

Ikikataa

Haiendi mbele wala nyuma: mafuta ni kidogo, au fimbo ya seleka haijashika, au pampu ilivunjika wakati wa kufunga. Ukisikia mlio wa kusaga unaofuata mzunguko wa injini, ni pampu.

Inapanda gia mapema mno na injini inapiga kelele bila gari kwenda: kebo imelegea. Simamisha gari, rekebisha papo hapo. Inachelewa kupanda na inagonga: kebo imevutwa kupita kiasi.

Inakwenda vizuri asubuhi, mchana wa jua kali inateleza: angalia kipozeo na mipira iliyojikunja. Chomoa mpira wa kurudi, uelekeze kwenye chupa, washa injini. Lita moja itoke ndani ya sekunde 20 hadi 30. Ikidondoka tone tone, kuna kizuizi.

Inavuja mbele ikiwa imekaa usiku: sili ya pampu, au pini za kulenga hazipo.

Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, kwa hiyo betri ya kubahatisha haifai tena. Na likiharibika njiani, lisivutwe kwa kamba huku magurudumu ya nyuma yakizunguka. Pampu inaendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa hakuna mafuta yanayofika ndani, na kutoka Marafa hadi mjini ni mbali vya kutosha kuimaliza giaboksi. Fungua bolti nne za propela kwenye difu, uifunge juu kwa waya au uitoe kabisa, kisha ndipo uvute.